Mgeni Asiye na Ufunguo

Kitendawili. Sema tega, usikae kimya kama mkwe mpya.

Nyumba ya mama ina milango miwili. Kila mtoto aliyezaliwa humo ametoka na ufunguo wa mlango mmoja, huu au ule. Leo amekutwa mtu ndani, kakaa mkekani anakula. Mfukoni hana ufunguo wa mlango huu wala wa mlango ule, na hakuna kitasa kilichovunjwa. Kaingiaje?

Usinipe mji bado. Kaa nacho tu, maana hata Inspekta Hyasinta Ndunguru, mpelelezi wa siku nyingi, alikizunguka kutwa nzima mpaka vumbi la Kariakoo likambadilisha viatu rangi.

Alianzia kwa Bi Waridi, asubuhi. Nyumba ya bibi huyo ndiyo ilikuwa ya mwisho ya bati katika mtaa ule. Kulia ghorofa, kushoto ghorofa, na nyuma ghorofa jingine bado linapanda, saruji inadondokea kwenye sufuria za uani. Vyumba vya mbele vimekodishwa, vimekuwa stoo za mitumba, na marobota mengine yamefurika hadi kwenye ukumbi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pita, ila pita ubavu ubavu. Marobota hayo hayana adabu."

Bi Waridi alikuwa amekaa mkekani na ungo mapajani, anachambua mchele. Aliyesimama nyuma yake, mikono kiunoni, ni binti yake Somoe. Huyu ndiye aliyekwenda kituoni kushtaki.

"Uliza hapa hapa, afande, mbele yangu," Somoe alisema. "Yule mtu si kaka yangu. Bakili aliondoka hapa kwenda kuchimba rubi Msumbiji, mimi bado nasukwa mabutu. Hakupiga simu, hakutuma salamu. Mwaka jana naanza kwenda mahakamani ili ahesabiwe marehemu, wiki hiyo hiyo mtu anabisha hodi, ana cheti cha kuzaliwa cha Bakili mkononi. Wewe ungeamini?"

"Una haraka gani ya kumzika?" mama yake akauliza bila kuinua kichwa.

"Nina haraka ya kukutoa kwenye shimo hili, mama."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Nyumba ilikuwa ya marehemu mume wa Bi Waridi, na mirathi haijagawanywa. Tajiri mmoja anaitaka, avunje ajenge ghorofa. Somoe anataka kuuza, mama hataki. Bakili akiwa hai, yeye ndiye mtoto wa kiume, na neno lake ni zito. Bakili akiwa amekufa, baba zake wadogo wanaingia kwenye mirathi, na hao wote wameshakubali kuuza. Kesi ikienda, bibi hana pa kushika. Na huyu aliyerudi, tangu arudi, amekataa katakata kutia sahihi.

"Hapo ndipo ninapokwama," alisema Hyasinta. "Tapeli akiingia kwenye mirathi, anataka auze leo kesho hayupo. Huyu hataki kuuza. Tapeli gani huyo?"

"Tapeli mvumilivu," Somoe akajibu.

Hyasinta akachuchumaa karibu na ungo. "Bibi, siku alipobisha hodi, alijitaja nani?"

"Chai ina tangawizi. Nikumiminie?"

"Nimekuuliza, bibi."

"Na mimi nimekuuliza wewe."

Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakiweka pembeni pamoja na vingine. Vijiwe vyenyewe vilikuwa vidogo kama ufuta, na bibi hakuwa na miwani. Hyasinta aliviangalia vile vijiwe kitambo, kisha akauliza jingine.

"Ulimjuaje?"

"Mtoto wako humjui?" Bi Waridi akafunua pembe ya kanga, akatoa kadi ndogo iliyokunjwa. "Nilipopasuliwa nyonga, huyu akiwa amesharudi, hospitali walisema ndugu waje wachangie damu. Nani alikwenda? Bakili. Hii hapa kadi. Damu yake imo humu mwilini mwangu, na mwili haukuikataa. Huyu aliyeniletea polisi alikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakufulia mashuka, mama."

Somoe akamgeukia Inspekta, sauti yake ikashuka.

"Miaka yote hiyo, afande, sahani ya Bakili ilipakuliwa kila jioni ikafunikwa. Ya kwangu nilijipakulia. Asubuhi kiporo cha Bakili nakila mimi, kisitupwe. Leo mtu katokea kaikuta sahani yake, basi dunia imekamilika."

Hyasinta alisoma kadi. Jina la Bakili, kundi B. Cheti cha hospitali cha bibi kilisema yeye ni AB. Akatoka nje, akampigia Darshana, mtaalamu wa maabara mwenye chumba chake Kisutu, juu ya duka la masufuria.

"Mama AB, mtoto B. Inaingia?"

"Inaingia bila kubisha hodi," alisema Darshana. "Lakini usije ukafunga faili. Hata mimi na wewe tunaweza kuwa na kundi moja, na nyumbani kwenu hamjawahi kupika dhokla yetu ya Kihindi."

*

Mtaa wa Gerezani, kwenye gereji, mtu aliyeitwa Bakili alikuwa chini ya pikapu, anafunga springi. Alitoka kwa mgongo, mwembamba, mikono myeusi kwa grisi. Fundi mwenzake alikuwa hatua chache pembeni, anachomelea geti, ameisukuma miwani yake hadi kwenye paji la uso ili asikie vizuri.

"Uliza tu, afande. Sina cha kuficha."

"Damu ulimtolea mama?"

"Nilimtolea."

"Mkono upi?"

"Huu."

"Ilikuuma?"

"Kidogo. Kwa mzazi utajali?"

"Ulipomaliza wakakupa nini?"

Mtu yule akamtazama. "Wanipe nini?"

"Nakuuliza wewe."

"Hawakunipa kitu. Nilishukuru Mungu nikarudi kazini."

Fundi wa kuchomelea akacheka hadi akazima mashine. "Kaka umepigwa. Kila anayetoa damu mji huu anapewa soda na biskuti, hata mahabusu anapewa. Soda yako kanywa nani?"

"Mwenzako kauliza swali zuri," alisema Hyasinta. "Soda yako kanywa nani?"

Yule mtu akaanza kufuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. Basi la mwendokasi likapita barabarani, likaisha, na yeye bado anafuta.

"Kamuulize Rajabu wa mkokoteni," fundi akasema, kicheko kimemwisha, maana alishaona kwamba amemchongea mwenzake. "Huyo ndiye ndugu wa kila mgonjwa Kariakoo."

*

Ni kweli. Hospitali inataka ndugu, na mji huu umejaa watu ambao ndugu zao wako Newala, wako Kasulu, wako kaburini. Kwa hiyo mtu anatafutwa wa kusimama. Anapewa jina, anajifunza jina la mgonjwa, anaingia anasema huyu ni shangazi yangu. Kadi inatoka na jina la asiyekuwepo na damu ya aliyekuwepo. Hakuna anayeona ni uongo. Wanaona ni kusaidiana.

Rajabu alipatikana kwenye lango la soko la shimoni, amelala juu ya mkokoteni wake mtupu, kofia imemfunika uso. Mwili wake ulikuwa umejaa, mikono kama michi.

"Mimi nimekuwa shemeji wa Wachaga na mjomba wa Wapemba," alisema, akiketi. "Sichukui hela, afande, hilo andika. Ubwabwa na ile soda basi. Na sizidishi, nikishatoa napumzika miezi yangu."

"Kwa Bi Waridi ulikuwa nani?"

"Bakili." Hakufikiri hata kidogo. "Ila mwenyewe usimwonee. Alikwenda yeye kwanza, akafika hadi kwenye kiti. Wakamfunua macho, wakakuta njano kama embe. Ugonjwa wa manjano ulikuwa umemkamata, wakamtoa. Nilimkuta nje ya geti analia, mtu mzima. Nikamwambia futa kamasi, nipe jina la mgonjwa."

"Kwa hiyo B iliyoandikwa kwenye kadi ni yako."

"Yangu, nilizaliwa nayo Mkuranga."

Hyasinta akairudisha kadi kwenye mkoba. Kutwa nzima alikuwa amepima undugu wa bibi na mkokoteni.

*

DNA inataka barua, na barua inataka subira. Hyasinta aliamua kuanza na chujio la karibu, kundi la damu. Akamchukua Bi Waridi kwa bajaji hadi kwa Darshana, Somoe akafuata, na yule mtu wa Gerezani akaletwa na grisi yake. Bibi hakuhitaji kubembelezwa. Alivaa baibui jipya.

"Twende," alisema. "Damu haina aibu. Yake imo humu, mtaikuta."

Habari za Rajabu hakuwa nazo, na Hyasinta hakumpa.

Darshana aliweka mezani kigae cheupe chenye vishimo na vichupa vitatu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache awapo kazini, bangili zake amezipandisha juu ya kiwiko zisigonge.

"Sikilizeni mjionee wenyewe, msije mkasema mhindi kafanya kiini macho. Dawa ya buluu inamtafuta A. Ya njano inamtafuta B. Ikimkuta, damu inakatika vipande vipande, kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Isipomkuta, inabaki laini. Chupa ya tatu ni ya chanya na hasi, leo haituhusu."

Akamchoma bibi kidole. Tone huku, tone kule. Dawa juu yake. Akakoroga kwa kijiti, kila tone na kijiti chake, kisha akakiinamisha kigae huku na huku, polepole. Kwenye buluu damu ikakatika. Kwenye njano ikakatika pia.

"AB. Hospitali hawakukosea."

Akakishika kidole cha yule mtu, akachoma.

"Yesu na Maria," yule mtu akanong'ona.

Bi Waridi akakohoa, akakohoa tena, kikohozi cha kuazima.

"Mtoto wa Kariakoo, wa chuo cha Kurani," alisema Somoe. "Umemwita nani vile?"

Hyasinta hakumtazama Somoe. Alikuwa anatazama kigae. Darshana alikoroga, akainamisha, akasubiri. Buluu laini. Njano laini. Damu ikateleza kwenye vishimo vyote viwili kama haijaguswa na kitu.

"Dawa inaweza kuwa mbovu," Hyasinta alisema.

"Ndiyo maana sijasema neno." Darshana akafungua vichupa vipya, akarudia yote. Safari hii akajichoma na yeye. "Mimi ni A, tangu shule. Dawa ikiwa nzima, itanijua."

Ikamjua. Damu yake ikakatika kwenye buluu, ikabaki laini kwenye njano. Ya bibi ikakatika kotekote. Ya yule mtu ikateleza.

"Huyu ni O," alisema Darshana, na sasa sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu na watu. "Mama ana A na B, hana kingine cha kumpa mtoto. Kila anayemzaa anampa kimoja, A au B. Mwenye O hana hata kimoja. Kipimo hiki kikisema ndiyo, msikiamini sana, maana wengi wanafanana. Kikisema hapana, hiyo ni hapana. Kuna vioja vya nadra vimeandikwa vitabuni, na mkitaka uhakika wa mahakama kaombeni DNA. Lakini mimi nisingekaa kusubiri kioja."

Milango miwili ile sasa umeiona, na mgeni umemwona. Bado hujaniambia kaingiaje.

"Rudia," Bi Waridi alisema. "Ingekuwa si yangu, mwili ungeikataa. Niliongezewa damu yake."

"Bibi, kadi ile damu yake ni ya Rajabu wa mkokoteni," alisema Hyasinta.

Bi Waridi akamgeukia yule mtu. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika, si kabla.

"Kweli?"

"Nilikuwa na manjano, mama. Walinitoa."

"Ungeniambia."

"Ulikuwa unafurahi."

Bibi akashusha macho kwenye pamba aliyoibana kidoleni. Basi hata ile damu mwilini haikuwa ya huyu.

Hyasinta alivuta kiti, akakaa magoti yake yakielekeana na ya mtuhumiwa. Akamsalimia kwa Kimatengo, lugha ya kwao milimani Mbinga, maana ule mnong'ono ulikuwa na lafudhi ya huko; salamu ya wakubwa, polepole kama mtu anayeongea na jirani kwenye kahawa. Yule mtu akaitikia. Akaitikia yote, hadi neno la mwisho, ndipo akafumba mdomo.

"Kijiji?"

"Maguu."

"Jina ulilobatizwa?"

"Beno."

"Bakili yuko wapi?"

Beno akamtazama Bi Waridi kwanza, kama anayeomba ruhusa, na bibi hakumpa macho.

"Shimo lilimfunika, afande. Tulichimba pamoja, tulilala turubai moja. Tulipomtoa alikuwa ameshapoa. Mimi sijui kuswali, nikazunguka machimbo yote nikamtafuta anayejua, tukamzika. Cheti chake na kofia yake nikaahidi nitavifikisha kwao."

Somoe akakaa chini, sakafuni. Neno hilo alikuwa amelitafuta kwa mawakili na kwa mihuri. Sasa amepewa bure, na hakujua aliweke wapi.

"Alikuwa ananibeba begani," alisema, akiwa haambii mtu. "Kwenda kuangalia treni."

Chini dukani mtu alikuwa anagonga masufuria, anamwonyesha mteja ugumu wake.

"Ulitumwa kuleta habari, ukaleta jina," Hyasinta alimwambia Beno. "Kujifanya mtu mwingine ni kosa, na ukijifanya kwenye mirathi ni kosa la kufungwa. Leo unalala ndani."

"Niandike," alisema Beno. Akanyoosha mikono yake ya grisi, yote miwili. "Nilidanganya mimi. Mama ni mtu mzima, macho hayaoni vizuri. Nilimdanganya."

"Macho yake yanaona kijiwe kwenye mchele," Hyasinta alisema. "Bibi, asubuhi nilikuuliza swali ukanipa chai. Hapa hakuna chai. Siku alipobisha hodi, alijitaja nani?"

Bi Waridi alikuwa anaibana ile pamba, ingawa damu ilishakauka. Akinyamaza, lawama zote zinalala kwa Beno, na yeye anabaki kikongwe aliyetapeliwa, wa kuonewa huruma mtaa mzima. Akijibu, Bakili anakufa kwa kinywa cha mama yake, na yeye anakuwa mama aliyeficha msiba wa mwanawe, asisomewe hata hitima, ili bati lisibomolewe. Nyumba yenyewe ilishakwenda, hilo alilijua. Ilikwenda pale kigae kilipoinamishwa.

"Mama, sema hukujua," alisema Somoe kutoka sakafuni. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Sema alikudanganya, tuondoke. Nakuomba."

"Nilidanganya mimi," Beno akarudia.

"Nyamaza, baba," Bi Waridi akamwambia, kwa upole, kama anavyokatazwa mtoto asiongee mbele ya wageni. Akaitupa pamba kwenye ndoo ya takataka. Akajifunga mtandio vizuri.

"Alisimama mlangoni na kofia mkononi," alisema. "Kofia niliishona mimi, nikaijua kabla sijamwona uso. Akasema, shikamoo mama, mimi naitwa Beno, nimetoka kwa Bakili, nina habari. Nikamwambia, Bakili, mwanangu, mbona umechelewa hivi. Akasema, mama, mimi si Bakili. Nikamwambia ingia, chakula kinapoa. Akasema tena. Nikamwambia tena. Sahani ilikuwa imefunikwa, afande, na mtu amesimama mlangoni ana njaa, ningefanyaje? Akala analia. Huyu mtoto hakuvunja kitasa. Mlango nilimfungulia mimi."